Sencha, matcha na hojicha: namna ya kunywa chai bora ya Kijapani kila siku bila kuiharibu

Ukimiminia sencha (chai ya kijani ya majani) nzuri ya mkoa wa Shizuoka, Japani, maji yanayotokota, kama tulivyozoea kufanya kwa majani ya Kericho au Mufindi, utapata kikombe kichungu chenye ukakasi wa kukausha ulimi. Wengi huishia hapo. Pakiti ya bei kubwa inasukumwa nyuma ya kabati, na chai ya Kijapani inabaki na sifa ya kuwa dawa chungu ya watu wanaotaka kupungua. Majani hayana kosa lolote. Chai yetu nyeusi imetengenezwa ivumilie moto mkali, maziwa, tangawizi na sukari; hii haikutengenezwa hivyo, na ukishajua ilivyotengenezwa utaweza kuiandaa hata pakiti isipokuwa na maelekezo unayoweza kuyasoma.

Mmea ni uleule. Tofauti inaanzia kiwandani. Majani ya chai nyeusi husagwa na kuachwa yapigwe na hewa hadi yageuke rangi. Ya Kijapani hupigwa mvuke muda mfupi baada ya kuchumwa, kwa sekunde 30 hadi dakika moja hivi, kisha husokotwa na kukaushwa. Mvuke huua vimeng'enya ambavyo vingeligeuza jani kuwa jeusi, ndiyo maana linabaki la kijani na kunukia ubichi. Utaratibu wa sencha tunayoijua leo unahusishwa na Nagatani Soen wa Ujitawara, karibu na Kyoto, mwaka 1738.

Ndani ya jani kuna vitu vitatu vya kuzingatia. Katekini ndiyo inayoleta ukakasi, na ndiyo inayotajwa sana katika habari za afya. Kafeini inachangamsha, na ina uchungu wake. Theanini, ambayo ni aina ya amino asidi, inaleta utamu na ule ukolezo unaobaki kinywani kama wa supu nzuri ya samaki. Theanini hutoka hata kwenye maji ya uvuguvugu, lakini katekini na kafeini zinahitaji joto ili zitoke kwa wingi. Basi ukishusha joto la maji unapata kikombe laini na kitamu. Ukilipandisha unapata kikali. Karibu kila kosa katika kuandaa chai hii linarudi hapo.

Kuchagua pakiti

Kwa matumizi ya kila siku anza na sencha ya kawaida na hojicha, yaani chai iliyokaangwa. Usianze na gyokuro (chai ya majani yaliyofunikwa kivuli) wala matcha (chai ya unga) ya bei ya juu, kwa sababu hizo hazisamehi kosa na utajifunzia kwenye fedha nyingi.

Kwenye pakiti tafuta mahali ilikotoka (Shizuoka, Kagoshima, Uji, Yame), na tarehe ya kuvunwa au ya mwisho wa matumizi. Maandishi 一番茶 yana maana kwamba ni mchumo wa kwanza wa mwaka, wa kuanzia Aprili hadi Mei. Mchumo huo ndio wenye theanini nyingi, kwa sababu mmea umeihifadhi wakati wote wa baridi. Michumo ya baadaye hutoa bancha, ambayo ni nafuu na ina kafeini kidogo, na hatuoni aibu kuipendekeza kwa anayekunywa vikombe vingi.

Kwa matcha, kuwa mwangalifu zaidi. Maneno ya Kiingereza yanayosema ni daraja la sherehe hayana kiwango rasmi nyuma yake. Muuzaji yeyote anaweza kuyaandika. Angalia rangi: kijani kibichi chenye kung'aa ni dalili njema, kijani cha kuelekea njano au kahawia ni dalili ya unga uliozeeka au wa majani yasiyofunikwa kivuli. Ukisugua kidogo kati ya vidole uwe laini kabisa, bila chembe. Angalia pia viambato. Pakiti nyingi za matcha ya maziwa zimeanza na 砂糖, yaani sukari, na matcha yenyewe inafuata mbali. Na 粉末緑茶 ni sencha iliyosagwa, si matcha. Inafaa kunywa, lakini usiilipie bei ya matcha. Matcha halisi hutokana na majani yaliyofunikwa kivuli kwa wiki tatu hivi kabla ya kuchumwa, yakaondolewa vikonyo na mishipa, kisha yakasagwa. Jiwe moja la kusagia hutoa gramu 40 hivi tu kwa saa, na bei inaanzia hapo.

Maji

Maji ya Japani kwa kawaida ni laini, na chai hii imezoea hayo. Maji ya kisima yenye chumvi, kama ya sehemu nyingi za pwani, huizima: rangi inakuwa nzito na harufu inapotea. Tumia maji ya chupa yenye madini kidogo au ya mvua yaliyochujwa na kuchemshwa. Kwa walio Arusha na maeneo mengine ya Bonde la Ufa yenye floridi nyingi, maji ya kisima hayafai kwa chai ya kila siku. Jani la chai lenyewe lina floridi, na kuchemsha hakuiondoi.

Kama huna kipimajoto, tumia vikombe. Kila unapohamisha maji kutoka chombo kimoja kwenda kingine kisichopashwa moto, joto hushuka kwa nyuzi 10 hivi. Dar es Salaam au Mombasa maji yanachemka kwenye nyuzi 100: yamimine kikombeni, yahamishie kikombe cha pili, kisha kwenye buli, na utakuwa karibu na nyuzi 70. Nairobi, kwa sababu ya mwinuko, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo kuhamisha mara mbili kunatosha: kikombeni, kisha kwenye buli. Kusuuza vikombe kwa maji ya moto kabla ya kuvitumia hufuta hesabu hii, kwa sababu chombo cha moto hakipoozi maji. Chagua moja.

Acha maji yachemke kabisa kwanza, halafu ndiyo uyapooze. Kuyaepua yakiwa na nyuzi 70 kunaokoa dakika, lakini maji ya bomba hayatakuwa salama kwa kiwango kilekile, wala harufu ya klorini haitakuwa imetoka.

Sencha, hatua kwa hatua

Kwa watu wawili pima gramu 4 hadi 5 za majani. Bila mizani, ni vijiko viwili vya chai vilivyojaa kiasi. Maji ni mililita 200, yaani vikombe viwili vidogo, na joto ni nyuzi 70 hadi 75. Buli liwe dogo. Buli la Kijapani lenye mkono wa pembeni, kyusu, linafaa sana kwa sababu chujio lake ni pana na unalimimina kwa mkono mmoja. Yale ya udongo mwekundu wa Tokoname ndiyo maarufu. Lakini buli lolote dogo lenye chujio laini litafanya kazi. Usitumie kile kichujio cha duara cha kufungia majani: sencha ikilowa hutanuka mara kadhaa, na ikibanwa haitoi ladha.

Weka majani kwenye buli, mimina maji taratibu, funika, usikoroge wala kutikisa. Subiri dakika moja. Kama ni sencha iliyopigwa mvuke kwa muda mrefu, yenye vipande vidogo na vumbi la kijani, sekunde 40 zinatosha.

Sasa mimina, na hapa ndipo panapotaka mkono mtulivu. Usijaze kikombe cha kwanza kisha cha pili. Mimina kidogo hiki, kidogo kile, urudi tena, ili vyote viwe na ukali mmoja, maana chai ya mwanzo ni nyepesi na ya mwisho ni nzito. Endelea hadi tone la mwisho. Matone ya mwisho ndiyo yaliyokolea zaidi, na maji yakibaki kwenye buli yataendelea kunyonya ukakasi na kuharibu mkupuo wa pili. Ukimaliza, acha mfuniko wazi kidogo ili mvuke usiyapike majani.

Mkupuo wa pili hautaki kusubiri: maji ya nyuzi 80 hadi 85, sekunde 15 tu, kwa sababu majani yameshafunguka. Wa tatu, nyuzi 90 na sekunde 30. Hapo yamekwisha. Usiyaache kwenye buli hadi kesho.

Kikombe kikiwa kichungu, shusha joto kwanza kabla ya kupunguza majani. Kikiwa chepesi kama maji, ongeza majani. Kuongeza muda kutaleta ukakasi kabla ya utamu. Kikiwa na ukungu wa kijani, usijali, ni chembe za jani, nazo zina faida. Kikiwa cha njano ya kahawia na bila harufu, majani yamechakaa, na hakuna joto la maji litakaloyarudisha.

Ikiwa ni siku ya joto kali, weka gramu 10 kwenye lita moja ya maji baridi, iache kwenye friji saa 3 hadi 6, kisha ichuje. Inatoka tamu, na kafeini yake ni kidogo kuliko ya moto. Lakini hapa maji hayapiti motoni pamoja na majani, kwa hiyo lazima yawe yamechemshwa na kupozwa mapema, au ya chupa. Inywe siku hiyohiyo.

Gyokuro

Hii hufunikwa kivuli kwa siku 20 hivi kabla ya kuchumwa. Jani likikosa jua halibadilishi theanini yake kuwa katekini, ndiyo maana linakuwa tamu namna ile, na harufu yake inakaribia ya mwani mkavu. Gramu 5 kwa mililita 60 hadi 80 tu za maji ya nyuzi 50 hadi 60, dakika 2. Utapata mafunda machache, nayo yanatosha. Jedwali la vyakula la serikali ya Japani linaonyesha miligramu 160 za kafeini kwa mililita 100 za gyokuro, dhidi ya 60 za kahawa na 20 za sencha. Kwa hiyo ni ya mara mojamoja, asubuhi au mchana. Majani yakishatumika ni laini. Unaweza kuyala kwa matone machache ya sosi ya soya.

Matcha

Matcha hailoweshwi, inanywewa yote, na ndiyo sababu ubora wake una uzito kuliko wa chai nyingine. Chochote kilichomo kwenye jani kinaingia mwilini.

Chekecha gramu 2 kwa chujio laini la chai. Wengi huruka hatua hii kisha hulalamikia madonge. Unga huu ni mwembamba mno na hushikana wenyewe kwa unyevu wa hewa, na madonge yakishalowa nje hubaki makavu ndani hata ukoroge vipi. Pasha bakuli moto, likaushe kabisa kwa kitambaa, weka unga, kisha mililita 70 za maji ya nyuzi 75 hadi 80.

Kifaa cha kukorogea ni chasen, fagio dogo la mwanzi linalochongwa hasa Takayama, mkoa wa Nara. Kiloweke kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika moja kabla ya kukitumia, la sivyo nyuzi zake kavu zitakatika. Shika bakuli kwa mkono mmoja. Kwanza zungusha taratibu kuuchanganya unga na maji, kisha peleka chasen mbele na nyuma haraka, kwa kiwiko cha mkono kilichotulia na kifundo kilicholegea, ukichora umbo la W kwa sekunde 15 hadi 20. Ncha zisikwaruze chini ya bakuli. Povu likipanda, inua chasen kidogo na upite juu polepole kuvunja mapovu makubwa, halafu itoe. Kunywa papo hapo; ikikaa, unga unazama chini.

Osha chasen kwa maji matupu, bila sabuni, na uisimamishe mahali penye hewa. Kwa unyevu wa Zanzibar au Mombasa, ukiirudisha kwenye kopo lake ikiwa mbichi itaota ukungu ndani ya siku chache. Ukiwa huna chasen kabisa, weka unga uliochekechwa kwenye chupa yenye mililita 200 za maji baridi, funga, tikisa kwa nguvu nusu dakika. Kwetu hii ni njia bora kuliko kukoroga kwa kijiko.

Gramu 2 za matcha zina kafeini ya miligramu 64 hivi. Hesabu kama kikombe kidogo cha kahawa.

Za jioni: hojicha na mugicha

Hojicha ni bancha au vikonyo vya chai vilivyokaangwa bila mafuta hadi vikawa kahawia. Hapa unaruhusiwa kutumia maji yanayotokota: gramu 3, mililita 200, sekunde 30. Haina ukakasi wa kusumbua, na mtu aliyezoea chai ya rangi huipenda kwa funda la kwanza. Ina kafeini kiasi, si kama wengi wanavyodhani kwamba haina kabisa. Genmaicha, chai ya kijani yenye mchele wa kukaangwa, huandaliwa vivyo hivyo.

Isiyo na kafeini hata chembe ni mugicha, kwa sababu si chai bali ni shayiri. Inafaa watoto, wanaopata shida ya usingizi, na kwa wafungaji inafaa wakati wa daku, maana haikuhangaishi usiku. Huhitaji kuiagiza Japani: chukua gramu 30 hadi 40 za shayiri nzima, ikaange kwenye kikaango kikavu kwa moto wa wastani ukikoroga bila kuacha, dakika 10 hadi 15, hadi iwe kahawia iliyokolea bila kuwa nyeusi. Ichemshe kwenye lita moja ya maji kwa dakika 5 hadi 10, chuja, ipooze haraka na uiweke kwenye friji. Ina wanga, inachacha upesi. Baada ya siku mbili imwage. Asiyeweza kula gluteni asiinywe.

Amazake nayo huuzwa kama kinywaji cha afya, ni ya mchele na tamu bila kuongezwa sukari. Utamu huo ni glukosi, kwa hiyo mwenye kisukari asidanganywe na maneno ya pakiti. Kwa Waislamu, soma viambato: iliyotengenezwa kwa mchele na koji (mchele ulioota ukungu wa kuchachulia), 米麹, haina kilevi, lakini yenye 酒粕 imetokana na machicha ya pombe ya sake na huweza kuwa na kilevi kidogo.

Kuipanga katika siku

Faida kubwa na ya hakika ya chai hii ni kile inachokiondoa mezani. Soda ya mililita 300 ina sukari gramu 30 hivi. Sencha haina hata moja. Ukiongeza sukari vijiko vitatu umejirudisha ulikotoka, na ukitaka maziwa ni bora urudi kwenye chai yetu nyeusi iliyotengenezwa kwa ajili hiyo. Haiyeyushi tumbo. Anayekuambia hivyo anauza vidonge, na vidonge vyenyewe vina hatari: mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, ilieleza mwaka 2018 kwamba dondoo za chai ya kijani zenye miligramu 800 au zaidi za katekini aina ya EGCG kwa siku zinaweza kuathiri ini. Chai ya kikombe haikuonekana na tatizo hilo.

Panga hivi: sencha saa moja baada ya kifungua kinywa, si kwenye tumbo tupu, maana katekini huwachefua wengine. Ya pili katikati ya asubuhi au saa nane mchana. Baada ya saa tisa alasiri hamia hojicha nyepesi, na usiku mugicha.

Acha nafasi ya saa moja kabla na baada ya mlo. Katekini hushika madini ya chuma yatokayo kwenye maharage, dengu na mchicha, mwili usiyapate. Kwa mwenye upungufu wa damu, na kwa mjamzito anayemeza vidonge vya chuma, jambo hili si la kupuuza: vidonge vimezwe kwa maji. EFSA inaweka kikomo cha kafeini miligramu 400 kwa siku kwa mtu mzima mwenye afya, na 200 kwa mjamzito. Vikombe vinne vya sencha vya mililita 150 ni 120 hivi, lakini jumlisha na kahawa na chai nyeusi ulizokunywa siku hiyo. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, azungumze na daktari kabla ya kuanza matcha, kwa sababu jani lina vitamini K, na anayetumia nadolol kwa presha ajue kwamba chai ya kijani hupunguza kufyonzwa kwa dawa hiyo.

Na usiinywe ikiwa inaunguza. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani ya umio, ugonjwa ambao Afrika Mashariki tunaujua vizuri mno. Mkupuo wa kwanza wa sencha ulioandaliwa sawasawa hukufikia mdomoni ukiwa chini ya hapo.

Kuhifadhi

Adui wa majani ni hewa, mwanga, joto, unyevu na harufu. Chai hunyonya harufu upesi: weka karibu na karafuu au dagaa na utakunywa karafuu na dagaa. Nunua gramu 50 hadi 100 kwa wakati, funga vizuri, na umalize sencha ndani ya mwezi mmoja au miwili baada ya kufungua, matcha ndani ya wiki nne. Pakiti ambayo haijafunguliwa ikae kwenye friji. Ukiitoa, usiifungue mara moja: iache nje saa kadhaa hadi ipate joto la chumba, vinginevyo mvuke wa hewa utagandia kwenye majani baridi na kuyalowesha.

Sencha ikishachakaa usiitupe. Iweke kwenye kikaango kikavu kisichonuka vitunguu, moto mdogo, uitikise kwa dakika 3 hadi 5. Rangi ikigeuka kahawia na moshi mwembamba ukianza kutoka, imimine mara moja kwenye sahani, kwa sababu kikaango cha moto kitaendelea kuikaanga hadi iungue. Umepata hojicha yako, ya kunywa wiki hiyohiyo.